Pompi ya mgongo: tuipange kwa mwili wa mwenye kuibeba



Mahindi yakifika wiki tatu na viwavi jeshi vikianza kutoboa majani, pompi ya koperative inaanza kuzunguka. Asubuhi iko kwa baba mmoja, saa kumi iko kwa mama jirani, kesho iko kwa kijana wa upande wa pili wa mto. Viwavi hivi vilionekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, na tangu hapo pompi hazipumziki. Lakini kila mmoja anaipokea vile mwenzake ameiacha. Anajaza maji, anatia dawa, anavaa, anaingia shambani. Mikanda ya mabega hakuna mtu anaigusa.

Sisi maagronomu tunaopita mashambani hapa Nyankunde tunaona matokeo yake. Pompi iliyopangwa kwa mwanaume mrefu inamning'inia mama mpaka kwenye matako, inamvuta nyuma, naye anainama mbele ili asianguke. Kisha tunamsikia anasema: «Kazi ya kupuliza ni ya wanaume.» Hapana. Shida si mama, shida ni mikanda.

Uzito wake si mchezo

Tuhesabu. Litri moja ya maji ni kilo moja. Pompi ya litri 16, tangi tupu likiwa na karibu kilo 4, ikijaa inafika kilo 20. Kule mlima Kilimanjaro, Tanzania, kilo 20 njo kiwango cha mzigo wa wageni ambao mpagazi mmoja anaruhusiwa kubeba. Na mpagazi hapampi kwa mkono mmoja na kupuliza kwa mkono mwingine!

Pompi isiyokaa vizuri inaharibu mambo matatu. Kwanza mgongo na mabega. Pili ngozi: tangi linalocheza-cheza linatikisa dawa, dawa inatoka kwenye kifuniko na kushuka mgongoni, na dawa nyingi za wadudu zinapita kwenye ngozi na kuingia mwilini. Tatu ni shamba lenyewe. Mtu aliyechoka anatembea haraka mstari mmoja, polepole mstari mwingine, anapampa akikumbuka. Huku mimea inapata dawa kidogo, kule inapata kupita kiasi. Kisha tunasema dawa ya sokoni Bunia ni ya uongo, kumbe ni namna tulivyoipuliza.

Namna ya kuipanga

Fanyeni zoezi hili kwa maji safi tu, bila dawa, ndani ya pompi iliyooshwa vizuri.

1. Tia litri 8 hivi za maji. Pompi tupu inadanganya: mikanda inavutika pale uzito unapoingia.

2. Weka pompi juu ya kitu kinachofika kiunoni: meza, gogo, au kichuguu kilicho imara. Igeuzie mgongo, ingiza mikono yote miwili kwenye mikanda, kisha simama kwa nguvu ya miguu. Usiirushe begani ukijipinda. Njo hapo viuno vinaumia. Kama hakuna mahali pa kuiweka, mwenzako akushikilie.

3. Fupisha mikanda mpaka tangi lilale juu ya mgongo bila nafasi kati yake na mwili. Upande wa chini ukae kwenye kiuno, si kwenye matako. Upande wa juu usigonge kichwa ukiangalia juu.

4. Linganisha mikanda miwili. Mmoja ukiwa mrefu, tangi linaegemea upande na bega moja linabeba kazi ya mabega mawili. Mwenzako asimame nyuma yako aangalie kama kifuniko kiko sawa.

5. Kama kuna mkanda wa kiuno, ufunge. Unahamisha sehemu ya uzito kutoka mabegani kwenda kwenye nyonga, na tangi linaacha kucheza.

6. Jaribu mkono wa kupampia. Kiwiko kisipande kufika usawa wa bega. Kikipanda, tangi liko juu sana au mkono umefungwa vibaya. Pompi nyingi zinakubali kuhamisha mkono huo upande wa pili. Wenye kutumia mkono wa kushoto wafaidike.

7. Tembea hatua hamsini ukipampa na kupuliza maji. Panapouma, simama urekebishe. Ikiuma sasa na litri 8, itauma zaidi na 16.

Mikanda yenyewe

Shirika la FAO linaomba mikanda isiyonyonya dawa, yenye upana wa sentimita 5 hivi pale inapolala begani, na pompi iliyojaa isizidi kilo 25. Huku kwetu mkanda ukikatika watu wanafunga kamba. Kamba inakata bega, na inakunywa dawa kila siku. Wengine wanaweka kitambaa au sponji ili bega lipumzike; hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu inalowa dawa na kukaa juu ya ngozi yako saa nzima. Mpira wa ndani wa pikipiki, uliokatwa mpana na kushonwa vizuri, unafaa: haunyonyi, na unaoshwa kwa maji na sabuni.

Muangalie pia kifungio. Mkanda mmoja lazima ufunguke haraka kwa mkono mmoja. Wapiga mbizi wa Zanzibar wanaobeba mtungi wa hewa mgongoni wanashika kanuni hiyohiyo: mzigo wa mgongo lazima uweze kuutupa. Tangi likipasuka shambani, huna wakati wa kufungua fundo. Vua, ondoa nguo zilizolowa, oga kwa maji mengi na sabuni. Na kama mpira wa kifuniko umechoka na dawa inatoka, pompi hiyo isivaliwe mpaka itengenezwe.

Kujaza si lazima

Hakuna sheria ya kujaza mpaka juu. Kwa mwenye mwili mdogo, na kwa mashamba yetu ya kwenye miteremko, litri 10 zinatosha. Ila punguza dawa pia. Kama karatasi ya dawa inasema mililitri 30 kwa litri 15 za maji, ni mililitri 2 kwa kila litri. Kwa litri 10 utatia mililitri 20. Kwenye mteremko tembea ukikata kilima, si kupanda na kushuka. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha, na watoto, wasibebe pompi ya dawa hata ikiwa imepangwa vizuri.

Kwa mkutano ujao

Tunaomba kila koperative ilete pompi zake zote kwenye mkutano. Kila memba anayepuliza avae, apangiwe, kisha atie alama yake kwenye mikanda kwa rangi au verni ya kucha: nyekundu ya mama huyu, nyeupe ya baba yule. Siku ya kazi anavuta mkanda mpaka kwenye alama yake, dakika moja imeisha. Mwenye kutunza stoo aandike mikanda na vifungio vilivyokufa, na kamati inunue vipya kwa pesa za kukodisha pompi, kabla ya kununua pompi nyingine. Mbili zinazokaa vizuri mgongoni zinafanya kazi kuliko nne ambazo watu wanazikimbia.