JANI LA MTI NA NGUO YA RAIA

Kinyonga amesingiziwa mengi. Mtu ndumilakuwili hufananishwa naye, kana kwamba mnyama huyo hugeuza rangi ili apate kudanganya tu. Wataalamu wameeleza kwamba mara nyingi hugeuka kwa hasira, kwa kumtafuta mwenzake, au kwa baridi na joto.

Mwigaji hasa ni kipepeo aitwaye Papilio dardanus, aliyeenea Afrika ya Mashariki. Dume lake ni la manjano na lina mikia mbawani. Majike wengi hawana mikia, nao huvaa rangi za vipepeo wengine wenye sumu. Ndege aliyekwisha kuonja uchungu wa wale huwaacha na hawa.

Binadamu naye hakubaki nyuma. Mwaka 1915 Ufaransa iliunda kikosi cha wachoraji chini ya Guirand de Scévola, kazi yao kuificha mizinga kwa rangi na vitambaa. Wakati huo manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha katika delta ya Rufiji, imefunikwa matawi. Tarehe 11 Julai, 1915, ndege za Waingereza zilielekeza mizinga ya meli za Severn na Mersey, na manowari hiyo ikaangamia.

Hila za namna hiyo ni halali vitani. Itifaki ya Kwanza ya 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, inaruhusu majani, mitego na shabaha za bandia. Inachokataza ibara ya 37 ni kujifanya raia ili kumuua, kumjeruhi au kumteka adui. Sababu yake ni wazi: jani likidanganya, risasi hukosa shabaha, nguo ya raia ikidanganya, kila raia huanza kutazamwa kama adui. Ndiyo maana ibara ya 50 inaamuru kwamba pakiwapo shaka, mtu ahesabiwe kuwa raia.

Burundi ilijiunga na Itifaki hiyo mwaka 1993, mwaka ule ule vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Waasi walipita vilimani, wakachanganyika na wakulima. Tarehe 9 Septemba, 2002, huko Itaba, mkoani Gitega, askari wa serikali waliua raia wasiopungua 173, wakiwamo wanawake na watoto. Mwezi Februari, 2003, mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani maafisa wawili kwa kutotii amri, si kwa mauaji. Wakaachiwa, maana kifungo chao kilikuwa kimekwisha kutumikiwa rumande.

Kipepeo akimdanganya ndege, ndege hukosa mlo tu. Wakulima wa Itaba hawakumwiga mtu yeyote. Nguo walizovaa zilikuwa zao. Askari anayeshika bunduki mbele ya mtu asiyemjua hana budi kukumbuka kwamba shaka si ushahidi, na kwamba huyo aliye mbele yake huenda ana watoto wanaomngoja nyumbani, kama yeye alivyo na wake.