MACHO HAYANA PAZIA: KIPANYA NA KIBODI

Hapa Roret, vichaka vya chai ni vingi kuliko tarakilishi. Leo nimeonelea nikueleze jambo ambalo wengi hulidharau mpaka siku litakapowatia hasarani.

Mwaka jana kaka yangu alikwenda saiba moja kuomba nafasi ya kusomea uuguzi. Ada ya maombi Mama aliitoa kwenye bonasi ya chai. Kumbe kipanya cha pale kilikuwa kimekufa! "Kaka, wewe tumia Tab tu," mhudumu akamwambia. Akabonyeza Tab mara moja, mara mbili, mara kumi. Skrini kimya! Hakuna kilichoonyesha yuko wapi. Orodha ya kozi nayo ilifunguka kwa kipanya pekee. Akidhani amefika penye neno Rudi, akabonyeza Enter. Lo! Alikuwa penye Tuma. Fomu ikaenda na kozi asiyoitaka, na ada ikaenda nayo. Mama hakusema neno. Alitwaa kikapu chake akarudi shambani.

Tangu siku hiyo nimemsumbua mwalimu wetu wa tarakilishi kwa maswali, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kishale cha kipanya kinapopita juu ya kitufe bila kubofya, ni kama mtu anayepita sokoni akitupia nguo macho. Wahenga walisema macho hayana pazia. Muuzaji anaweza kukutajia bei, lakini hana ruhusa ya kukufungia nguo na kudai pesa. Vivyo hivyo, programu nzuri kishale kikipita hubadilisha rangi ya kitufe au hutoa maelezo mafupi, basi. Isitume, isifute, wala isifungue ukurasa mwingine. Kutazama si kununua.

Kibodi nayo ina mambo yake. Kila mara kuna mahali pamoja tu panapopokea unachokiandika. Wataalamu hupaita fokasi. Fikiria kituo cha kununulia majani ya chai: magunia ni mengi, lakini lililo kwenye ndoano ya mizani ni moja, na kila mtu analiona. Hakuna karani anayepima gunia lisiloonekana! Kwa hiyo fokasi sharti ionekane wazi, kwa mstari mnene au rangi tofauti. Tab iipeleke mbele kwa mpangilio wa kusoma, na Shift pamoja na Tab iirudishe nyuma. Isikwame mahali ikakosa njia ya kutoka. Kidirisha kikifungwa, irudi pale ilipokuwa.

Je, kishale kikipita, fokasi ikifuate? La hasha! Hebu fikiria unaandika insha, mwenzako anasukuma meza, kipanya kinasogea, na maneno yako yanaanza kuingia kwingine. Mshika mawili moja humponyoka. Kipanya kitazame, fokasi ikae ilipowekwa na mwenyewe.

Lakini lolote linalofichuliwa na kipanya lazima kibodi nayo iweze kulifichua. Mwezi wa Juni 2018, shirika la W3C, linaloweka kanuni za wavuti duniani, lilitoa masharti matatu kuhusu maelezo yanayojitokeza hivyo. Kwanza, uweze kuyaondoa bila kusogeza kishale wala fokasi, kwa mfano kwa kitufe cha Esc. Pili, uweze kupeleka kishale juu yake yasitoweke. Tatu, yakae mpaka uondoke, uyaondoe mwenyewe, au yasiwe na maana tena.

Utasema, "Si watu wanunue tu kipanya kingine?" Pole pole, ndugu. Asiyeona hawezi kukifuata kishale kwa macho. Yeye hutumia kibodi na programu kama NVDA, isiyolipiwa, inayomsomea kwa sauti mahali fokasi ilipo. Mwenye mikono inayotetemeka naye hawezi kulenga kitufe kidogo kwa kipanya. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kupata habari. Na sisi wenye simu je? Kidole hakiwezi kuelea juu ya kioo kama kishale. Kilichofichwa nyuma ya kishale hatukioni!

Tena kipanya ni mgeni. Douglas Engelbart alikionyesha hadharani kule San Francisco tarehe 9 Disemba 1968, ilhali kibodi ilikuwapo zamani. Mgeni asimfukuze mwenyeji.

Wanachama wenzangu, baadhi yenu mtakuja kuunda programu. Kabla hamjazitoa, wekeni kipanya kando na mjaribu kwa Tab kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mkipotea njiani, jueni kuna mtu mahali fulani atakayepotea na ada ya mama yake.

Kaka yangu aliomba tena mwaka huu. Safari hii hakubonyeza Enter mpaka alipojua yuko wapi.