Mara ya kwanza mbugani na watoto: tulivyoweka randi 500 kwa mwezi bila kugusa pesa ya nyumbani

Sisi tunaofanya kazi Johannesburg, wanyama tunawashika kila mwisho wa mwezi. Noti ya randi 10 ina kifaru, ya 20 ina tembo, ya 50 simba, ya 100 nyati na ya 200 chui. Tunawahesabu, tunawatuma nyumbani, na huko nyumbani Tanzania wanapokelewa wakiwa simba wa elfu mbili, kifaru wa elfu tano na tembo wa elfu kumi. Lakini ukiuliza kwenye kombi ya asubuhi ni nani kati yetu amewahi kumwona tembo mzima akitembea, wengi watakaa kimya. Mbuga tunasema ni mambo ya wazungu.

Juni iliyopita tulikwenda, mume, mke na watoto wawili. Mume ni fundi wa kupiga plasta, mke ni dada wa kazi. Watoto wana miaka 13 na 9 na wanalelewa na bibi yao Korogwe, Tanga. Tunaandika haya kwa sababu wenzetu wengi wametuuliza swali moja: pesa mlitoa wapi?

Kwanza, hesabu

Safari yetu ya usiku mmoja iligharimu randi 6,000. Tusifiche, hizo ni nyingi. Kwa kima cha chini cha mshahara kilichoanza Machi 2025, yaani randi 28.79 kwa saa, ni kama saa 208 za kazi. Ni siku 26 za saa nane nane. Ndiyo maana tulikubaliana mapema mambo mawili: pesa ya bibi haipungui hata senti, na hatukopi.

Tulifungua fungu la pembeni, randi 500 kila mwezi kwa miezi 12. Mume aliweka 300, mke 200. Lilikaa kwenye akaunti isiyo na kadi, ili mkono usifike kirahisi. Wengine watapenda kutumia mchezo, likelemba au stokvel. Njia zote ni sawa, mradi zamu yako iangukie mwezi unaoutaka.

Matumizi yalikwenda hivi:

- Malazi, nyumba ndogo ya watu wanne yenye jiko: 2,300
- Kuzunguka na gari la wazi la kambi, mara moja: 2,000
- Mafuta ya gari: 800
- Chakula tulichobeba wenyewe: 500
- Kiingilio cha getini: 400

Gari tulipewa na jirani. Tulilirudisha limejaa mafuta. Nauli ya watoto kutoka Tanga ilikuwa kwenye fungu jingine, kwa sababu wangekuja hata kama tusingekwenda mbugani. Bei hizi hupanda kila mwaka, kwa hiyo piga simu kwanza, uulize ya sasa.

Kuhusu mkopo: tuseme ungechukua hizo 6,000 kwa mashonisa anayetoza asilimia 30 kwa mwezi. Mwezi mmoja tu unadaiwa 7,800. Hiyo 1,800 ya juu ingetosha karibu kulipa lile gari la wazi. Safari ya mkopo ukirudi nayo nyumbani haiishi.

Kwa nini Pilanesberg, siyo Kruger

Kruger ndiyo jina kubwa. Ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 20,000, na kambi zake za serikali kama Skukuza na Pretoriuskop zina vyumba vya kujipikia vya bei nafuu kuliko hoteli za kifahari za watu binafsi. Lakini kutoka Joburg ni kama kilomita 400, na kuna malaria. Kwa siku mbili tu za ruhusa, nusu ya muda ingeishia barabarani.

Pilanesberg iko upande wa kaskazini-magharibi, jirani na Sun City. Kutoka kwetu Yeoville tulitumia chini ya saa tatu. Haina malaria. Imekaa ndani ya mabaki ya volkano ya zamani sana, vilima vimeizunguka kama ukingo wa bakuli, na katikati kuna bwawa la Mankwe lenye kibanda cha kujificha ukitazama wanyama wanaokuja kunywa maji. Hapo unakaa bure muda unaotaka. Tulilala upande wa Manyane, karibu na geti la mashariki.

Pasipoti yako inabadilisha bei

Hili wengi hawalijui. Hifadhi za taifa za Afrika Kusini, Kruger ikiwemo, zina viwango vitatu vya kiingilio, na hulipwa kwa kila mtu kwa kila siku. Mwenye kitambulisho cha Afrika Kusini hulipa karibu robo ya bei ya mgeni. Raia wa nchi za SADC hulipa karibu nusu. Wengine wote hulipa bei kamili.

Tanzania na Kongo ziko ndani ya SADC. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi haziko. Kwa hiyo Mtanzania na Mkenya waliopanda gari moja wanaweza kulipa bei tofauti kabisa. Beba pasipoti halisi ya kila mtu, na za watoto pia. Bila ushahidi getini, hesabu inaweza kubadilika. Pilanesberg iko chini ya mkoa na ina bei zake, kwa hiyo uliza kivyake.

Na kama watoto wanaingia nchini bila mzazi, kama wetu waliokuja na mjomba wao, andaa cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya wazazi wote wawili. Anza mapema.

Tulichokiona

Simba hatukumwona. Tuliona twiga, pundamilia, nyumbu, kiboko masikio tu, vifaru wawili kwa mbali, na tembo. Tembo walikuwa wengi, wakivuka barabara mbele yetu mmoja mmoja, wadogo katikati.

Dereva wa gari la wazi alizima injini akatueleza habari zao. Pilanesberg ilipoanzishwa mwaka 1979, wanyama waliletwa kutoka sehemu nyingine. Tembo waliletwa wakiwa watoto kutoka Kruger, ambako wakubwa walikuwa wakiuawa kupunguza idadi, na enzi hizo hapakuwa na njia ya kusafirisha tembo mzima. Wale yatima walikua bila wazee. Miaka ya 1990 madume yao machanga yakawa makorofi, yakaua vifaru zaidi ya 40. Mwaka 1998 yakaletwa madume sita makubwa kutoka Kruger. Vijana wakatulia, mauaji yakakoma.

Mtoto wetu wa miaka 13 akauliza, "Kwa hiyo hao baba zao walikuwa wapi?"

Dereva alijibu kuhusu tembo. Sisi wawili tuliangalia mbele. Usiku ule, tukiwa tunachoma nyama nje, yule mtoto alizungumza na baba yake kwa zaidi ya saa moja, juu ya shule, juu ya bibi, juu ya kwa nini simu huwa fupi. Kwa miaka minne ya simu za Jumapili hawakuwahi kuongea hivyo. Kama mtu atatuuliza zile saa 208 zilinunua nini, tutamtajia hilo kabla ya twiga.

Ukitaka kwenda

*Chagua Juni hadi Septemba.* Ni kiangazi cha huku: nyasi fupi, wanyama husogea kwenye maji. Wenzetu wa ujenzi hupata likizo ndefu katikati ya Desemba, lakini wakati huo bei ziko juu na nyasi ni ndefu. Asubuhi za Juni ni baridi kali, beba mablanketi.

*Dai likizo yako.* Sheria inampa mfanyakazi siku 21 mfululizo za likizo yenye malipo kwa mwaka, na dada wa kazi yumo. Mwambie madam tarehe miezi mitatu kabla, kwa maandishi.

*Usishuke garini* isipokuwa palipoandikwa ruksa, na uliza saa ya kufungwa geti.

*Kama watoto hawawezi kuja huku,* fanya hivyo hivyo ukienda likizo nyumbani. Mikumi ipo kwenye barabara kuu ya Dar kwenda Mbeya, na hifadhi ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, ipo ukingoni mwa jiji. Raia hulipa kwa shilingi, chini sana kuliko mgeni. Beba kitambulisho.

Randi 500 ikiwa kubwa kwako, weka 250 kwa miaka miwili, au nenda asubuhi urudi jioni: ukiondoa malazi na gari la wazi, hesabu yetu inashuka hadi 1,700. Anza na mshahara huu, baada ya kutuma ya nyumbani.