Okidi za mbegu: Mtaji hulala miaka kabla ya ua la kwanza

MKULIMA wa maua aliyezoea kusia mbegu kitaluni na kuona chipukizi baada ya wiki mbili, akijaribu okidi kwa njia hiyo ataambulia patupu. Atamwagilia asubuhi na jioni, na mwisho wa msimu atabaki na udongo wake.

Sababu iko kwenye mbegu yenyewe. Tunda moja la okidi hubeba maelfu ya mbegu, na katika baadhi ya aina hufikia zaidi ya milioni moja. Lakini kila mbegu ni kama vumbi, haina akiba ya chakula kama punje ya mahindi. Porini huota pale tu inapokutana na kuvu inayoilisha, siri iliyogunduliwa na Mfaransa Noël Bernard mwaka 1899. Mwaka 1922, Lewis Knudson wa Marekani alionyesha kuwa mbegu hizo huota bila kuvu zikipewa sukari na madini ndani ya chupa safi. Hadi leo, anayeotesha okidi kwa biashara huanzia kwenye chupa.

Kazi ya chupani

Kwa Phalaenopsis, okidi inayouzwa sana kwenye vyungu, tunda huvunwa likiwa bado la kijani, miezi minne hadi sita baada ya ua kuchavushwa kwa mkono. Huoshwa kwa dawa ya klorini, hupasuliwa kwa kisu kilichopitishwa motoni, na mbegu hunyunyizwa juu ya jeli ya agari yenye sukari na madini. Wengine huongeza ndizi iliyopondwa au maji ya dafu.

Jeli na chupa huchemshwa kwanza kwa mvuke wa presha, nyuzijoto 121 kwa dakika 15 au zaidi. Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu sukari inayolisha okidi hulisha ukungu pia, tena kwa haraka zaidi. Ukungu ukiingia, chupa nzima hutupwa.

Ndani ya kitalu nyumba

Baada ya mwaka mmoja au zaidi, miche hutolewa, huoshwa jeli yote kwenye mizizi na kupandwa kwenye vipande vya magome ya miti au makumbi ya nazi. Makumbi yalowekwe na kusuuzwa mara kadhaa ili chumvi itoke. Udongo haufai, kwani okidi hizi kwao huishi juu ya miti na mizizi yake huoza maji yakituama.

Usiku joto lisishuke chini ya nyuzi 18, na mchana lisipite sana nyuzi 30. Wavu wa kivuli uzuie angalau asilimia 70 ya jua, na hewa iwe na unyevu lakini izunguke. Ili kutoa ua, Phalaenopsis huhitaji wiki kadhaa za joto lisilozidi nyuzi 26 hivi. Kwa hiyo mkulima wa pwani huenda akapata majani mazuri bila maua, na yule wa nyanda za baridi akalazimika kulipia joto la usiku.

Piga hesabu kwanza

Tangu kusia hadi ua la kwanza ni miaka mitatu hadi mitano. Isitoshe, miche ya tunda moja haifanani, kama watoto wa nyumba moja. Wanunuzi wanaotaka vyungu vingi vya rangi moja huhudumiwa na miche inayozalishwa kwa tishu za mmea mmoja. Mbegu humfaa zaidi anayetafuta rangi mpya au anayekuza okidi za asili.

Mwenye mtaji mdogo ni afadhali aanze na miche michache iliyokwishaoteshwa, ajifunze kuitunza, huku akijaribu chupa chache za mbegu. Mauzo ya nje yafuate masharti ya mkataba wa CITES, unaohusu okidi zote, pamoja na cheti cha afya ya mimea.

Njia ya mkato ya kung'oa okidi porini imeshaonyesha madhara yake. Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, viazi vya okidi za ardhini vimechimbwa kwa wingi kwa ajili ya chakula kiitwacho chikanda, kinachopendwa Zambia. Hifadhi ya Kitulo ilianzishwa mwaka 2005, na okidi ni miongoni mwa mimea inayolindwa humo. Kilichong'olewa siku moja huchukua miaka kurudi, na mkulima aliyewahi kuisubiri chupa yake anaijua gharama hiyo.