Amu kwa Siku Moja (2): Mji Uko Ndani ya Nyumba

Wiki iliyopita tulimwacha mgeni wetu gatini Mokowe akingoja mashua. Leo amekwisha kuvuka, na ana siku moja tu ya kuujua mji. Aanzie wapi?

Wengi huanzia ufukoni na kuishia hapo hapo. Hupiga picha majahazi na punda, wakala samaki, wakarudi. Wanapoteza mengi, kwa kuwa ufuko ndio sehemu changa ya Amu. Ngome, ambayo leo ina uwanja mbele yake, ilijengwa karibu kabisa na maji; ardhi iliyoko kati yake na bahari ilijazwa baadaye. Ngome yenyewe ni zao la hofu. Waamu walipowashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa katika vita vya Shela, mnamo 1812, walijua kisasi kinaweza kuja wakati wowote, wakamwomba ulinzi Seyyid Said wa Oman. Ilikamilika 1821. Wakati wa ukoloni ikafanywa jela, na jela ikabaki hadi 1984, ilipokabidhiwa Makumbusho ya Taifa.

Mgeni apande darini mwa ngome, lakini asidhani ameuona mji. Anayeshuka melini Tallinn, mji mkuu wa Estonia ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1997, hupanda kilima cha Toompea, na mji wa kale ukawa wote chini yake, kuta na minara na mapaa mekundu. Amu iliingia katika orodha hiyo 2001, ila uzuri wake hautazamwi kwa juu. Kutoka ngomeni utaona makuti, mabati na minara ya misikiti, basi. Kilichobaki kimegeuziwa ndani.

Kwa hiyo ashuke, ashike Usita wa Mui kuelekea Mkomani. Vichochoro ni vyembamba, kuta ni ndefu, na kivuli hakikosekani hata saa sita mchana. Hapa na pale atapita chini ya wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia kuunga nyumba mbili, ambacho kiliwawezesha wanawake kutembeleana bila kukanyaga barabara. Kisha aingie nyumba ya Kiswahili iliyohifadhiwa kama makumbusho, na huko asiharakishe.

Kwanza ni daka, na mabaraza yake ya mawe ya kupokelea watu. Baada ya daka kuna tekani, halafu kiwanda kilicho wazi juu, ambako mwanga wote wa nyumba hutoka. Hapo vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, na ndani. Kila ukipiga hatua sakafu inainuka kidogo na mwanga unapungua. Vyumba vyote ni virefu na vyembamba, na sababu yake iko kichwani pako: dari imebebwa na boriti za mikoko, nazo hazivuki kwa salama zaidi ya mita tatu hivi. Fundi hakuwa na uhuru wa kupanua chumba, akaupeleka ustadi wake ukutani. Tazama zidaka za ndani, safu juu ya safu, zilizochongwa kwa chokaa, mahali pa vyombo vya kauri vilivyotoka hata Uchina. Pitisha kidole ukingoni mwa kimoja, kwa idhini ya msimamizi. Ncha ya kisu cha fundi bado inahisika.

Chokaa hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa unyevu na kuutoa. Chokaa huuachia njia, saruji huuziba. Nyumba iliyopakwa saruji hupendeza mwaka wa kwanza, kisha huanza kuoza kwa ndani, plasta ikibanduka na jiwe pamoja. Naomba wenye nyumba wawasikilize mafundi wa chokaa wangali hai.

Alasiri ibaki kwa Langoni, kwenye msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh, kitovu cha Maulidi ya kila mwaka. Wiki ijayo tutakwenda Shela, kwenye milima ya mchanga inayohifadhi maji ya kunywa ya mji huu wote, tuone ni nani anayeitaka ardhi ile na kwa nini.