TUSIWAACHE PEKE YAO VIJANA WANAOJITUNZA

Si jambo jepesi kwa kijana wa miaka ishirini kusimama mbele ya wenzake wa chuo na kutamka kwamba ameazimia kujitunza mpaka siku ya ndoa yake. Anayethubutu kusema hivyo huchekwa. Huitwa mshamba, na wapo wanaomuuliza alikuwa amefichwa wapi miaka yote hii. Hata hivyo vijana wa namna hiyo wamo katika vyuo vyetu, wake kwa waume, na baadhi yao hawatosheki kujitunza wenyewe tu, bali huwanasihi na wenzao. Leo tunapenda kuwasemea vijana hao, kwa sababu tunaona kwamba jamii yetu inawasifu kwa maneno na kuwaacha peke yao kwa vitendo.

Kabla ya mwaka 1998 visiwa vyetu havikuwa na chuo kikuu. Aliyetaka shahada alivuka bahari. Leo maelfu ya vijana wanasoma hapa hapa nyumbani, na hiyo ni neema kubwa. Lakini neema nayo ina gharama yake. Tumfikirie msichana aliyezaliwa Micheweni, akafaulu mtihani wake, akapanda meli kuja kusoma Tunguu. Kwao alikuwa na mama, shangazi, bibi na jirani mwenye haki ya kumwuliza anakwenda wapi. Zamani mwari alikuwa na somo yake, aliyemfundisha mambo ya mwili bila ya kumficha, na aliyeweza kumwendea hata kwa jambo ambalo asingethubutu kumwambia mama yake mzazi. Huku alikofika hana somo. Ana chumba cha kupanga, mwenye nyumba anayedai kodi yake, na fedha za mkopo ambazo pengine hazijatoka.

Hapo ndipo mahubiri yetu mengi yanapokwama. Ni rahisi kumwambia msichana huyo ajiheshimu. Ni vigumu zaidi kujiuliza atalala wapi, atakula nini mwisho wa mwezi, na atarudi kwa chombo gani iwapo kipindi chake cha mwisho kimemalizika baada ya magharibi. Mwenye gari anayejitolea kumfikisha, na mwenye duka anayemkopesha asichoweza kulipa, wote wanaijua shida yake kuliko sisi tunaomhubiria. Mwenye njaa hana miko, walisema wazee wetu, wala hawakusema hivyo kwa kumtukana mwenye njaa. Waliwaonya walioshiba.

Serikali nayo iliwahi kujaribu njia ya adhabu. Sheria ya mwaka 1985 iliwezesha mwanamke ambaye hajaolewa, akipata mimba, kufungwa gerezani hadi miaka miwili. Mwaka 2005 ilipitishwa sheria nyingine iliyochukua nafasi ya ile ya kwanza, ikaondoa kifungo na badala yake ikaweka kazi za kijamii. Mabadiliko hayo yalikuwa ya busara. Mimba huonekana na kila mpita njia, lakini aliyeitia anaweza kukana na kwenda zake. Adhabu ya namna hiyo humwangukia mmoja kwa kosa la wawili, na haimfundishi yeyote staha. Humfundisha kujificha tu. Wala dhuluma hiyo si ngeni kwetu. Marehemu Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, aliiimba katika wimbo wake wa Kijiti: mwanamke mgeni aliuawa, muuaji akakimbilia Bara, na walioadhibiwa ni wanawake waliokwenda kutoa ushahidi.

Kwa hiyo tunasema waziwazi kwamba wito wa kujitunza hauna maana iwapo ni wito kwa wasichana peke yao. Mvulana anayehesabu wasichana aliowapata kama mvuvi anavyohesabu samaki, kisha akataka kuoa mwari, huyo anadai kwa mwenzake mali ambayo yeye mwenyewe ameifuja.

Wako watakaosema kuwa maneno haya ni ya kale, na kwamba dunia ya leo imekwisha yaacha. Hao tungependa kuwakumbusha habari za Marekani, nchi ambayo hakuna atakayeiita ya kale. Mwaka 2005 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton waliunda jumuiya yao, wakaipa jina la Elizabeth Anscombe, mwanafalsafa wa Uingereza aliyefariki mwaka 2001. Mwaka uliofuata wanafunzi wa Harvard nao wakaunda ya kwao. Vijana hao waliamua kuitetea rai yao kwa hoja na mijadala ya kitaaluma, mbele ya wenzao waliowapinga. Hawakuomba polisi wala sheria. Waliomba wasikilizwe.

Marekani hiyo hiyo inatupa na tahadhari. Wataalamu wawili, Peter Bearman na Hannah Brückner, walichapisha mwaka 2001 uchunguzi wao juu ya vijana wa skuli walioweka ahadi ya kungoja ndoa. Waligundua kwamba ahadi hiyo kweli iliwachelewesha wengi wao, hasa pale ambapo wenye ahadi walikuwa kundi dogo lenye kujuana na kushikana. Lakini walioivunja walikuwa na uwezekano mdogo kuliko wenzao wa kutumia kinga mara ya kwanza. Fundisho lake ni la namna mbili. Kwanza, kijana hujitunza vyema akiwa na wenzake. Pili, ujinga si ngome. Anayejitunza anastahili kuijua elimu ya mwili wake sawasawa na mwengine yeyote. Visiwa vyetu vilipata wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI mwaka 1986, na hadi leo maambukizi yapo chini ya asilimia 1 ya watu. Hiyo ni akiba, na akiba hailindwi kwa kunyamaza.

Sasa tunawageukia wakuu wanaohusika. Mosi, dahalia ziongezwe, na nafasi za kwanza wapewe wanaotoka mbali, hasa Pemba na mashamba. Pili, Bodi ya Mikopo ijitahidi fedha zitoke kwa wakati wake, kwani mwezi mmoja wa kuchelewa ni mwezi mmoja wa majaribu. Tatu, vyuo vipange vipindi vya jioni kwa kuzingatia usafiri wa wanafunzi. Nne, kila chuo kiwe na mshauri wa kike na wa kiume, watu wazima wenye siri, watakaoshika pahala pa somo wa zamani.

La tano ni zito kuliko yote. Sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 ya Tanzania Bara, katika kifungu chake cha 25, imelitaja kuwa kosa tendo la mwenye madaraka kudai ngono ili atoe haki au upendeleo. Mwalimu anayeuza maksi kwa bei hiyo humwadhibu msichana kwa sababu tu amejitunza. Chuo kinachotundika mabango ya maadili ukumbini na kumstahi mwalimu wa namna hiyo ofisini kinajidanganya. Mlalamikaji apewe mahali pa kusema bila ya hofu ya kufelishwa, na mkosaji afikishwe kwenye vyombo vya sheria badala ya kuhamishiwa chuo chengine.

Vijana wenyewe nao tuna neno kwao. Washikilie msimamo wao bila ya kiburi. Wasimnyooshee kidole mwenzao aliyeteleza, wala wasimfungie mlango aliyezaa na kurudi masomoni. Mwenye sitara huwasitiri na wengine.

Kijana anayejitunza hatuombi medali wala sherehe. Anachohitaji ni chumba chenye kufuli, posho isiyochelewa, mwalimu mwaminifu, na wazee wasiomcheka. Hayo yote yamo katika uwezo wetu. Tukimnyima, basi siku atakaposhindwa tusiulize nani aliyemponza.