Simama, Shika, Tayari: Lugha ya Amri katika Ziara ya Baiskeli na Ziplaini

Utangulizi

Msitu wa Kereita umo katika eneo la Lari, Kaunti ya Kiambu, takriban kilomita 50 kutoka Nairobi, kwenye ncha ya kusini ya safu ya milima ya Nyandarua. Msafiri wa barabara kuu ya Nakuru huiacha lami Kimende, akapita mashamba ya chai na mboga, kisha akaingia katika baridi ya miti. Wanaofuatilia historia wanaujua msitu huu kwa mapango yaliyowasitiri wapiganaji wa Mau Mau katika miaka ya 1950. Vijana wengi wa leo wanaujua kwa jambo jingine kabisa: ni mahali pa kwenda kutafuta msisimko.

Ziara ya namna hii yaweza kuchukua siku nzima. Asubuhi wageni hupanda baiskeli za milimani na kufuata vijia vya msituni ambavyo gari haliwezi kuvipita. Baada ya chakula cha mchana huvalishwa mikanda na kofia ngumu, wakaning'inizwa kwenye waya wa chuma uliotandazwa kutoka upande mmoja wa bonde hadi wa pili, na kuserereka juu ya vilele vya miti. Mchezo huu wa pili ndio uitwao ziplaini.

Mtaalamu wa utalii akiitazama siku hiyo atauliza habari za bei na idadi ya wageni. Mwanafunzi wa Kiswahili ana swali lake. Kabla ya mgeni kuondoka ardhini huelezwa mambo kadhaa ambayo, akikosa kuyaelewa, anaweza kuvunjika mkono au zaidi. Katika michezo ya aina hii nchini, maelezo hayo aghalabu hutolewa kwa Kiingereza, na fomu ya kukubali hatari inayotiwa sahihi huwa ya Kiingereza vilevile, hata pale ambapo mwongozaji na mgeni wamekuwa wakipiga soga kwa Kiswahili tangu langoni. Kisha mambo yanapokwenda kombo, watu hao hao hupigiana kelele kwa Kiswahili. Yaani mgeni hufunzwa kwa lugha moja na kuokolewa kwa nyingine.

Makala haya yanafafanua jinsi michezo hii miwili inavyofanya kazi, na yanadai kwamba tatizo lake la lugha haliko pale linapodhaniwa kuwa. Kiswahili hakijapungukiwa na majina ya vifaa. Hatari imo katika vitenzi vya kawaida mno, vile ambavyo kila mtoto anavijua.

Asubuhi: baiskeli

Msamiati wa baiskeli haukusubiri kamati yoyote ya istilahi. Usukani, tandiko, pedeli, mnyororo, spoki, tairi, breki na karia ni maneno yaliyokomaa vinywani mwa mafundi wa kando ya barabara na waendeshaji wao. Biashara ya bodaboda yenyewe ilianza kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda huko Busia katika miaka ya 1960, na jina lake ni Kiingereza cha mpakani kilichotafunwa hadi kikawa Kiswahili. Ni ajabu kidogo kwamba wapenzi wa istilahi hukesha wakibishana juu ya kompyuta ilhali karakana za baiskeli zilikwisha kumaliza kazi hiyo bila mkutano.

Baiskeli ya milimani inatofautiana na ile nzito nyeusi iliyoitwa Black Mamba, ambayo imebeba magunia na maziwa vijijini kwa miongo mingi. Tairi zake ni pana na zina meno ya kuuma udongo. Mbele kuna springi za kumeza mishtuko ya mawe na mizizi. Gia ni nyingi, nazo hubadilishwa kabla ya kuanza kupanda mlima wala si katikati ya mlima, kwa kuwa mnyororo uliobeba uzito mkubwa hukwama au huruka meno. Mambo haya mgeni huyajifunza upesi, na akiyakosea adhabu yake ni kushuka na kusukuma.

Breki ni habari nyingine. Mwendeshaji akiibana breki ya mbele kwa ghafla mteremkoni, gurudumu la mbele hukoma kuzunguka ilhali mwili wake unaendelea na safari, naye hurushwa juu ya usukani. Ndiyo maana hufunzwa kuzitumia breki zote mbili kwa pamoja, kidogo kidogo. Kwa desturi, baiskeli zinazotengenezewa soko la Uingereza huwa na breki ya mbele katika mkono wa kulia, na zinazotengenezewa soko la Marekani huwa nayo katika mkono wa kushoto. Mtu asiyeuliza kabla ya kuondoka atakuja kuambiwa na mteremko.

Sasa tazama neno simama. Kitenzi hiki kina maana mbili: kuwa wima kwa miguu, na kukoma kwenda. Katika maisha ya kila siku maana hizo hazigombani. Abiria akimwomba dereva wa matatu asimame, hakuna anayetarajia dereva huyo ainuke kitini. Muktadha umekwisha kuuondoa utata kabla haujazaliwa.

Juu ya baiskeli ya milimani muktadha hausaidii, kwa sababu maana zote mbili zinafaa. Mbinu sahihi ya kuteremka mahali penye mashimo ni kuinuka juu ya tandiko, kuweka pedeli mbili katika usawa mmoja, kukunja magoti na viwiko, na kurudisha nyonga nyuma ili uzito usiegemee usukani. Kwa hiyo mwongozaji aliyetangulia chini akimwona mgeni amekalia tandiko kama gunia, akamwita "Simama!", mgeni ana haki ya kuelewa kwamba anaamriwa akome. Anabana breki. Anayemfuata nyuma, ambaye ameielewa amri kwa maana ya kwanza, anamgonga. Hakuna aliyekosea sarufi hapo.

Dawa yake ni nyepesi, nayo haihitaji neno jipya hata moja. Inatosha vikundi viafikiane asubuhi kwamba inuka litumike kwa kuondoka tandikoni, na simama libaki na maana ya kukoma peke yake. Wataalamu wa istilahi wanaijua mbinu hii ya kuibana maana ya neno la kawaida ili lihudumu katika uwanja maalumu. Tofauti ni kwamba huku kosa halipunguzi alama za mtihani, linapunguza meno.

Alasiri: bahari ndani ya msitu

Ziplaini haina injini. Kinachomwendesha mgeni ni uzito wake mwenyewe, kwa kuwa jukwaa la kuondokea liko juu kuliko la kufikia. Hata hivyo waya huo hauwi mnyoofu kama rula. Hulegea na kufanya tumbo, na tumbo hilo huongezeka mtu anaponing'inia. Mgeni huongeza kasi akielekea chini ya tumbo, kisha hupanda kidogo akikaribia mwisho, na kupanda huko humpunguzia mwendo kabla ya breki ya jukwaani kummalizia. Mhandisi mzuri hulihesabu tumbo hilo mapema: likiwa dogo mno mgeni hufika kwa kishindo, likiwa kubwa mno hafiki.

Uzito pia una neno lake. Katika ombwe vitu vyote huanguka kwa kasi moja, lakini hewani mtu mzito hushindwa na upepo kwa kiasi kidogo kuliko mwepesi, kwa hiyo hufika akiwa na kasi zaidi. Ndiyo sababu wageni hupimwa uzito, jambo ambalo wengine hulichukulia kuwa utovu wa adabu. Mgeni mwepesi akikutana na upepo wa mbele anaweza kukwama juu ya bonde kabla ya jukwaa, na hapo hulazimika kugeuka na kujivuta kwa mikono, au kumngoja mwongozaji aje kumchukua.

Kuhusu majina ya vifaa, aliyezaliwa pwani angepata raha hapa. Kigurudumu chenye mfuo kinachotembea juu ya waya ni kapi au roda. Mabaharia wa majahazi wamekuwa nayo karne na karne, tena wanayatofautisha makapi yao kwa majina kama gofia na abedari, kulingana na mahali yanapokaa katika kazi ya kupandisha foromali, yaani boriti inayobeba tanga. Kipande cha chuma kinachomfunga mgeni kwenye kapi ni kulabu. Inayotakiwa hapa ni kulabu yenye mlango na komeo, ili isifunguke yenyewe. Mikanda ya kiunoni na mapajani ni mikanda tu. Msitu ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari unaweza kuazima karibu kila kitu kutoka baharini.

Jina la mchezo wenyewe lina utata wake. Bembea huenda na kurudi, kwa hiyo haifai. Kuteleza hubeba dhana ya ajali. Serereka linakaribia zaidi, na waya wa mserereko ni istilahi inayoeleweka hata kwa anayeisikia mara ya kwanza. Lakini ziplaini limekwisha kuwahi vinywani mwa vijana, na kuling'oa ni kazi ya bure. Mkopo huo una kichekesho chake pia: unaanza na silabi zi-, ambayo kwa sikio la Mswahili ni dalili ya wingi. Kitabu kilitoka Uarabuni kikiwa na ki- isiyo kiambishi, tukakipa vitabu. Nani ajuaye kama siku moja hatutasikia habari za uplaini mmoja?

Amri ya hatari zaidi kwenye waya inahusu mikono. Mgeni haruhusiwi kushika waya mbele ya kapi, kwa sababu kapi litavipanda vidole vyake. Pale ambapo mkono hutumiwa kupunguza mwendo, lazima uwe umevaa glavu nene na ukae nyuma ya kapi. Basi mwongozaji wa jukwaa la mbele akiona mkono umekwenda mahali pabaya, atapaza sauti: "Usishike!"

Hapa fonolojia inaingilia usalama. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika shika mkazo uko kwenye shi. Katika usishike uko papo hapo kwenye shi. Kiambishi cha kukanusha kinakaa mwanzoni, mahali pasipo na mkazo, na ndicho cha kwanza kumezwa na upepo na mvumo wa kapi. Kinachobaki ni shike, ambalo kwa mtu aliyejawa na hofu lina tofauti ndogo sana na shika. Mgeni aliyekatazwa anasikia ameamrishwa, naye anatii kwa nguvu zake zote.

Kwa sababu hiyo, amri za kwenye waya zinafaa kuwa za kuthibitisha, zitaje kitendo kinachotakiwa wala si kinachokatazwa. "Mikono kifuani!" haina kiambishi cha kupotea. Vivyo hivyo "Kunja miguu!" inafaa kuliko "Usinyooshe miguu!" Walimu wa watoto wadogo wanaijua kanuni hii kwa sababu zao wenyewe.

Fomu na haki

Turudi langoni, kwenye ile fomu. Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili katika kifungu cha 7 kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu, pamoja na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Vifungu hivyo viwili havisomwi pamoja mara nyingi. Vikisomwa pamoja, ni vigumu kuona jinsi karatasi ya kukubali hatari iliyoandikwa kwa lugha moja tu, tena kwa mtindo wa mawakili, inavyoweza kusemekana kuwa imempa habari mgeni ambaye Kiingereza chake ni cha kujikimu. Mgeni huyo hutia sahihi kwa sababu wenzake wanatia sahihi na foleni ni ndefu. Kuitafsiri karatasi yenye kurasa mbili ni kazi ya alasiri moja kwa mwanafunzi yeyote wa tafsiri, na pengine ingekuwa zoezi la maana kuliko mengi yanayotolewa darasani.

Kati ya jukwaa na jukwaa

Linabaki neno moja, na hili haliwahusu wageni bali waongozaji wenyewe. Watu wawili hawapaswi kuwa kwenye waya mmoja kwa wakati mmoja, kwani wa nyuma akiwa mzito atamfikia wa mbele. Majukwaa yakiwa mbalimbali na ukungu ukiwa umetanda, waongozaji hawaonani, nao hutegemea redio za mkononi. Wa juu anauliza kama njia ni salama. Wa chini anajibu: "Tayari."

Neno hili nalo lina nyuso mbili. Yuko tayari huelezea mtu aliyejiandaa na anayengoja. Ameshuka tayari huelezea jambo lililokwisha kutendeka. Likisimama peke yake redioni, tayari laweza kuwa na maana kwamba mgeni amekwisha kufunguliwa kulabu, au kwamba wa chini amejiandaa kumpokea aliye bado njiani. Katika maana ya kwanza anayefuata anaweza kuachiliwa. Katika ya pili, kumwachilia ni kumtuma akamgonge mwenzake.

Kubadilisha jibu liwe "Waya hauna mtu" hakufai, kwani kukirudisha kikanushi mwanzoni ni kuurudisha ugonjwa uliokwisha kuelezwa: ha- ikimezwa, linalobaki ni "una mtu", au kinyume chake, na redio mbovu haichagui silabi ya kumeza. Jibu linalohimili kelele ni "Waya wazi", likifuatiwa na jina la jukwaa, na yule wa juu alirudie neno kwa neno kabla ya kumwachilia mtu. Wazi lina silabi mbili tu, halianzi na kikanushi, na hata likisikika nusu halifanani na tayari.